Baba Aliyemuuza Mlinzi wa Pengo

Kambi ya mazoezi, Florida
28 Februari 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii vizuri, na simu ya hapa hotelini imewekwa ukumbini, kila apitaye anatega sikio. Nami nina jambo lisilofaa masikio mengi.

Bega langu la kulia ni bovu. Lilianza kuniuma mwishoni mwa msimu uliopita, nikadhani ni uchovu. Wiki hii nimeshindwa kuchana nywele kwa mkono huo. Kukimbia nakimbia, rungu nalizungusha, mpira ukinijia miguuni naudaka kama zamani. Tabu ni kurusha. Kwenye besiboli, sisi tunaolinda pengo kati ya kituo cha pili na cha tatu tunaishi kwa mkono, wewe ndiye uliyenifundisha hivyo. Mpira ukinivuta hadi ndani kabisa, kule karibu na kituo cha tatu, halafu niurushe mpaka cha kwanza, naona nyota mchana.

Klabu haijui. Anayejua ni kijana mmoja tu, Lonnie Beckwith wa Alabama, ambaye tumepangwa chumba kimoja. Ana miaka ishirini na mmoja na mbio za swala, naye ni mlinzi wa pengo, kwa hiyo anaitaka nafasi yangu na wala hafichi. Alinikuta navaa shati kwa mkono mmoja. Akasema, "Kaka, mimi sijaona kitu." Nataka kumwamini. Wewe usimwambie mtu, hata Mama, maana Mama akijua parokia nzima itaniombea kwa kipaza sauti.

Na ile ligi yenu ya karatasi, uteuzi ni lini? Wanaume kumi wazima mmejifungia chini ya kanisa mnagawana wachezaji wa watu kama nyanya sokoni, halafu kila asubuhi mnahesabu mipigo yao gazetini kuona nani kamshinda nani! Mwaka huu umenipanga wa ngapi kati ya walinzi wa pengo? Usinionee huruma.

Mwanao,
Gerry

*

St. Odile, Iowa
5 Machi 1988

Mwanangu Gerry,

Barua yako nimeisomea gereji, mama yako akidhani natafuta misumari. Pole sana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nami nilicheza, najua mtu akikaa nje wiki mbili tu kiti chake hukikuta na mwenyewe. Sitakulaumu.

Niambie vizuri, maana mimi ndiye kocha wako wa kwanza: ni kurusha tu, au hata ukizungusha rungu unasikia kitu? Umemwona daktari? Unadhani utaumaliza msimu? Nieleze yote, usinipunguzie.

Uteuzi ni Jumamosi ya Mtakatifu Yosefu. Nimekupanga wa nne. Wa kwanza ni Delroy Pettiford, hilo halina ubishi, mtu anayepiga na kuchomoka mbio kuiba vituo namna ile hatokei kila mwaka. Anafuata Castaños, halafu Oakes, halafu wewe. Sijakuonea huruma, nimetazama takwimu. Na sheria yetu bado ile ile, kila mtu anabaki na wachezaji watatu wa mwaka jana, basi wewe ni wangu kama ulivyokuwa tangu ulipopanda ligi kuu.

Norbert Kieffer bado ananililia nikuachie kwake. Maskini, Kwaresima imemkausha, St. Odile nzima inakula samaki, naye anakaa buchani mwake peke yake anaota ubingwa. Pettiford ni wake, lakini asemavyo yeye, angemtoa Pettiford na sikio lake mwenyewe juu yake ili ampate "mtoto wa hapa hapa kwetu." Nilimcheka.

Siri yako imetumbukia kisimani.

Baba yako,
Alphonse Thill

*

Florida
12 Machi 1988

Baba,

Umeniweka wa nne! Nimefurahi kama mtoto. Nilimsomea Lonnie kipande hicho, akauliza, "Na mimi mzee amenipanga wa ngapi?" Nikamwambia wewe hupangi watoto wanaonyonya. Tulicheka hadi tukagongewa ukuta.

Uliniomba nisikupunguzie. Nilikwenda kwa daktari wa mjini, si wa klabu. Anasema msuli wa ndani wa bega umechanika. Nikiendelea kurusha, itakuwa bahati nikifika Juni. Nikifanyiwa upasuaji sasa, mwaka huu umekwisha, ila mwakani huenda nikarudi mzima. Nimemwambia asante, nikalipa, nikatoka. Nina miaka thelathini, Baba. Mwakani kwa mtu wa miaka thelathini ni neno tu.

Basi nimeamua nitavumilia. Siku ya kwanza ya msimu nataka jina langu lisomwe, mengine yatajulikana huko mbele. Lonnie ananiletea barafu kwenye ndoo ya kusafishia sakafu, anawaambia watu ni ya soda zake.

Sasa unajua yote. Nimelala vizuri jana kwa mara ya kwanza tangu nifike, kwa sababu tu nilijua leo nitakuandikia.

Gerry

*

St. Odile
21 Machi 1988

Mwanangu,

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimekuelewa.

Huku theluji inayeyuka, uwanja wa shule ni tope tupu. Goti la mama yako linamsumbua kwenye ngazi. Ijumaa alikaanga samaki na akina mama wenzake parokiani, akarudi ananuka mafuta na kucheka.

Uteuzi ulikwenda salama. Norbert anakusalimu sana, mwaka huu ana furaha ya kupita kiasi.

Ile siri sijamwambia mtu. Hata neno moja halijatoka kinywani mwangu, Mungu ni shahidi.

Jitunze.

Baba yako

*

Florida
29 Machi 1988

Baba,

Yamekwisha.

Ijumaa meneja aliniita ofisini. Daktari wa klabu alikuwepo, na mwenye klabu, amekaa dirishani. Meneja akaniuliza, "Gerry, nasikia una kiungo kibovu mahali." Nikasema sina. Akasema, "Twende uwanjani basi." Akasimama mwenyewe na rungu, akanipigia mipira ya ndani ya pengo, mmoja baada ya mwingine, na timu nzima imesimama inatazama. Wa tatu ulianguka nusu ya njia. Nikabaki nimeushika mkono wangu kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzake.

Wamenitoa kikosini. Upasuaji ni mwezi ujao huku huku Florida, na baada ya hapo hakuna aliyeniahidi kitu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Ni Lonnie. Nani mwingine? Ukiacha yule daktari wa mjini, wewe na yeye tu ndio mliojua, na wewe ni baba yangu. Nilimkuta chumba cha kubadilishia nguo. Nikamwambia mbele ya wote, "Nyoka wewe, ulikuwa unaniletea barafu huku unanipimia kaburi!" Akasema, "Gerry, naapa kwa mama yangu." Nikampiga ngumi, kwa mkono wa kushoto. Alidondoka kwenye benchi, mdomo umepasuka. Hakurudisha. Alilia, Baba, mbele ya wanaume ishirini na tano, nami nikaona machozi yale ndiyo ushahidi wenyewe.

Klabu haitaki fujo. Nafasi yangu wamempa mtu mwingine waliyemtoa timu ya magharibi, na Lonnie wamemrudisha ligi ya chini, Tennessee. Alikuwa amebakiza siku chache tu acheze ligi kuu. Nilipomwona anabeba mabegi yake nilisema moyoni, stahili yako.

Gerry

*

St. Odile
2 Aprili 1988

Mwanangu Gerry,

Nimeanza barua hii mara nyingi. Tumehuzunika sana, mimi na mama yako. Alilia, kisha akakasirika kwamba alifichwa, na hasira hiyo nimeibeba mimi.

Kuhusu yule kijana, usiwe na haraka ya kumhukumu. Maneno hupita njia nyingi. Klabu ina watu wake, magazeti yana watu wake. Huenda hakusema. Mtu akilia si lazima awe na hatia.

Kesho ni Pasaka. Nenda kanisani.

Baba yako

*

Bucha ya Kieffer, St. Odile
5 Aprili 1988

Gerry mwanangu,

Ni mimi Mzee Norbert. Mkono wangu umezoea kisu kuliko kalamu, utanisamehe mwandiko. Tumesikia habari ya bega lako na mjini hakuna anayetabasamu. Nimemkabidhi mama yako paja la nguruwe la moshi akutumie, lile la Pasaka, la mfupa.

Nataka ujue kwamba mimi sijutii. Watu wananicheka dukani, "Norbert, umeuziwa punda kilema!" Waache wacheke. Nimekutamani miaka yote hii, na sasa uko kwenye timu yangu, mzima au mgonjwa.

Ngoja nikusimulie ilivyokuwa, ufurahi kidogo. Usiku wa kuamkia uteuzi baba yako alikuja nyumbani kwangu. Akakaa, akanywa kahawa, akasema, "Nobby, bado unamtaka Gerry?" Nikadhani ananitania. Nikasema, "Kama mgonjwa anavyotaka uzima." Akasema, "Nipe Pettiford, mchukue." Nikampa mkono kabla hajabadili mawazo! Nilimwamsha mke wangu kumwambia.

Kesho yake tulipotangaza mezani, kila mtu akamgeukia baba yako. Halafu Duane Prohaska, unamjua, anayeandika habari za michezo kwenye gazeti la wilaya, akaweka kikombe chini akasema, "Al, umemuuza mwanao wa kumzaa?" Baba yako akasema, "Ni karatasi tu, Duane." Duane akasema, "Mtu hauzi ng'ombe anayemkamua mwenyewe. Kama baba hamtaki, basi kijana ana kiungo kibovu mahali." Watu wakaangua kicheko. Baba yako akatazama karatasi zake. Jumatano Duane akayaandika maneno hayo gazetini, kwa mzaha wake wa kawaida, na nasikia hata magazeti makubwa yaliyanukuu. Nilimkaripia.

Na ona sasa, kumbe mzaha wake ulikuwa unabii! Baba yako, maskini, hakuwa na habari. Angejua asingenipa, namfahamu tangu tukiwa watoto wa kutumikia misa. Anajiona ana mkosi. Jumapili hakukaa benchi letu, alikaa nyuma kabisa na kutoka kabla ya baraka. Mwandikie umpe moyo.

Wako mzee,
Norbert Kieffer

*

Florida
9 Aprili 1988

Baba,

Nimepata barua ya Mzee Norbert.

"Kiungo kibovu mahali." Neno kwa neno, kama meneja alivyoniambia ofisini.

Nimehesabu siku. Barua yangu ilikufikia Alhamisi. Ijumaa usiku ulikwenda kwake.

Pettiford anaendeleaje?

Gerry

*

St. Odile
18 Aprili 1988

Gerry,

Ni kweli.

Sitatumia tena lile la "sijamwambia mtu." Nililiandika nikijua ni uongo uliovaa nguo za ukweli. Kinywa kilifungwa, mikono ikasema.

Unataka kujua kwa nini, nami nimetafuta sababu ya heshima na sijaipata. Nimekuwa bingwa miaka mitatu mfululizo. Tangu niache ukocha, hakuna anayeniuliza kitu mjini isipokuwa Machi, wakati wa kupanga walinzi wa pengo. Hapo wananiita Profesa. Hapo hata Duane hunyamaza nikifungua mdomo. Barua yako ilipofika nilisikitika, hilo amini. Nilisikitika kwa muda wa kupanda ngazi za gereji. Nilipofika juu nilikuwa nimeshakushusha kutoka wa nne hadi chini kabisa, na nilikuwa namfikiria Pettiford. Uliposema "nimelala vizuri kwa sababu nakuandikia," mimi nilikuwa nasoma "Juni."

Nilijiambia ni karatasi, haimuumizi mtu. Lakini nilikuuza ukiwa mgonjwa, kwa rafiki yangu, ambaye alikutaka kwa mapenzi, nikamwacha anishukuru. Na ulipomshambulia yule kijana niliijua kweli yote, nikakuandikia habari za Pasaka.

Jumatano nilishuka chini ya kanisa wakiwa wote wapo. Nikasimama, nikawaambia nilijua. Duane aliinamisha kichwa. Norbert aliinuka. Akauliza, "Ulijua ukinywa kahawa yangu?" Nikasema ndiyo. Akachukua kofia yake akaondoka, na tangu siku ile mama yako ndiye anayekwenda kununua nyama. Karatasi za timu yangu niliziacha mezani. Sitarudi. Wala usidhani hiyo ni adhabu, hakuna aliyenisihi nibaki.

Alhamisi niliendesha gari hadi Tennessee. Nilimkuta Lonnie Beckwith uwanjani kabla ya mazoezi. Kovu lipo mdomoni. Nilimwambia mimi ni nani na nimefanya nini. Alinisikiliza amekumbatia glavu yake. Kisha akasema, "Mzee, umesafiri njia yote hii kuja kuniambia mimi si mwongo? Hilo nilikuwa nalijua." Nikasema nitamwambia meneja wake pia. Akasema, "Mwambie. Lakini aliyenipiga ni mwanao. Yeye ndiye namngoja."

Meneja nilimwambia, na kesho yake nikampigia simu wa klabu kubwa, mama yako akinisikilizia. Hawakuahidi kitu.

Niseme na hili, kwa kuwa nimekwisha kuvuliwa nguo. Lonnie alinipa nafasi nyuma ya uzio nitazame mchezo, kwa adabu tu. Mpira ukapigwa ndani kabisa ya pengo, akateleza, akaudaka, akarusha akiwa bado hewani. Na kichwa changu, Gerry, siku ile ile, mahali pale pale, kikaanza kumpanga. Nilitoka nikaenda kukaa ndani ya gari.

Sina la kuomba. Nimekwambia ili usisikie tena kwa mtu mwingine.

Alphonse

*

Florida
24 Aprili 1988

Baba,

Nimekwenda Tennessee kwa basi. Lonnie hakunifungulia mlango mara ya kwanza. Nilikaa ngazini hadi alipotoka kwenda kula, nikamfuata hadi mgahawani, nikamwambia kila nililopaswa kumwambia huku mhudumu amesimama na birika la kahawa. Alinisikiliza. Akasema, "Ngumi nimekusamehe, mkono wa kushoto huna nguvu. Lile neno nyoka bado." Sikumbishia. Jana nilimpigia meneja wetu nikamwambia mtu wa magharibi waliyemleta hafai hata kulinda geti, na mtu anayemfaa yuko Tennessee. Akanikatia simu. Leo asubuhi nimesikia Lonnie ameitwa ligi kuu.

Sasa kuhusu wewe. Nimesoma barua yako nikakuchukia, nikaisoma tena nikakuonea haya, kama vile mimi ndiye niliyekwenda kunywa kahawa ile. Mimi pia nilitaka jina langu lisomwe, nikaona kijana anabeba mabegi nikafurahi. Hiyo haipunguzi lako. Ila usidhani nakuandikia nikiwa nimekaa juu.

Upasuaji ni Alhamisi. Mkono utafungwa kifuani wiki nyingi, sitaweza kufunga kifungo wala kukata nyama. Mama goti halimruhusu na hapa ni ghorofa ya pili. Wachezaji wenzangu wako safarini. Hakuna mwingine, Baba, nimetafuta.

Njoo wewe. Leta nguo nyepesi, huku joto ni jingi, si Iowa. Utalala kwenye kochi.

Na nakuomba kitu kimoja. Usiniombe msamaha hospitalini. Nitakuwa nimelewa dawa, nisije nikakusamehe bila kujua. Ngoja niamke vizuri.

Gerry